Kufu Katika Ndoa na Suala la Asili



 

Huulizwa mara kwa mara, na khasa na vijana waliosoma ugenini, iwapo ubaguzi wa asili umekwisha katika jamii za Waislamu. Jibu linalotolewa kwa haraka ni kwamba umekwisha, na hushikwa dalili mbili. Ya kwanza ni msikiti. Humo watu husimama safu moja, bega kwa bega, mweusi na mweupe, tajiri na maskini, na hapana mwenye nafasi aliyowekewa. Ya pili ni sheria. Biashara ya watumwa ilipigwa marufuku, kisha utumwa wenyewe ukaondoshwa, na serikali zikaandika kuwa raia wote ni sawa.

Dalili zote mbili ni za kweli. Lakini iko ya tatu ambayo watu hawapendi kuitaja, nayo hudhihiri siku kijana anapopeleka posa. Mzee wa nyumba, ambaye jana yake alimfuata kijana huyo huyo katika sala akiwa imamu wake, leo anauliza: "Mtoto wa nani? Asili yao wapi?" Na mara nyingi hahitaji kuuliza, kwani mtaa mzima unajua. Posa hurudishwa kwa maneno ya adabu: binti bado anasoma, au ameshawekwa kwa ajili ya mtoto wa ami yake.

Somo hili linahusu posa hiyo. Halimhusu kijana mlevi, wala asiyeswali, wala asiyeweza kumlisha mke. Hao wana hukumu zao. Linamhusu yule ambaye dini yake imeridhiwa, tabia yake imeridhiwa, kazi anayo, na hapana kilichomzuia ila babu wa babu yake.

Utumwa ulipoondoshwa

Mambo haya si ya zamani sana kama yanavyodhaniwa. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, kwa mkataba alioutia saini Sayyid Barghash bin Said chini ya shindikizo la Waingereza. Tarehe 6 Aprili 1897 Sayyid Hamoud bin Muhammad alitoa amri kwamba utumwa hautambuliwi tena kisheria Unguja na Pemba, lakini masuria waliwekwa nje ya amri hiyo mpaka mwaka 1909. Katika Ghuba jambo lilichelewa zaidi: Qatar ni mwaka 1952, Saudi Arabia mwaka 1962, na Oman mwaka 1970, Sultan Qaboos bin Said aliposhika utawala. Wako basi wazee walio hai leo waliozaliwa katika nyumba ambazo humo mtu alimilikiwa na mtu.

Baadaye Oman iliandika katika Sheria Kuu ya Dola ya mwaka 1996 kwamba raia wote ni sawa mbele ya sheria, na kwamba hapana ubaguzi baina yao kwa sababu ya asili wala rangi wala cheo katika jamii. Sheria iliyoshika nafasi yake mwaka 2021 imelirejea jambo hilo hilo.

Sheria, kwa hivyo, imefanya kazi yake: imemwondosha mtumwa. Haikuweza kuliondosha jina. Katika Ghuba, mjukuu wa aliyemilikiwa huitwa khadimu, japokuwa hakumtumikia mtu maisha yake yote. Katika pwani ya Afrika ya Mashariki yalikuwako maneno mtwana, kijakazi na mzalia. Na lugha ya Kiswahili ina neno moja linalostahiki kuangaliwa vyema, nalo ni mwungwana. Asili yake ni mtu asiyekuwa mtumwa. Kisha likawa ni jina la mtu mwenye adabu na tabia njema, na hiyo ndiyo maana yake leo. Mwenye kulitamka hakusudii ubaya. Lakini ndani yake imebakia dhana ya kale, kwamba tabia njema ni kitu anachozaliwa nacho mtu mwenye nasaba, na kwamba asiyekuwa na nasaba hana budi kukosa na tabia.

Rangi na nasaba

Husemwa pia kwamba ubaguzi wa rangi ni maradhi ya wengine. Ni kweli kwamba Afrika ya Kusini ilipitisha sheria mwaka 1949 kukataza ndoa baina ya wazungu na wasiokuwa wazungu, na haikufutwa mpaka mwaka 1985. Ni kweli pia kwamba majimbo 16 ya Marekani yalikuwa na makatazo ya namna hiyo hadi tarehe 12 Juni 1967, Mahkama Kuu ya nchi hiyo ilipoyabatilisha. Waislamu wa Ghuba na wa pwani hawakuwa na sheria kama hizo, na wala rangi peke yake haikuwa ndiyo mpaka. Sayyid Barghash mwenyewe mama yake alikuwa Mhabeshi. Ndugu yake Bibi Salme mama yake alikuwa Mcherkasi. Mama wote wawili walikuwa masuria, na watoto wote wawili walikuwa watoto wa Sayyid Said bila ya upungufu wowote, kwani mtoto hufuata nasaba ya baba yake.

Hata hivyo hapo ndipo tatizo lilipojificha. Watu wawili wanaweza kuwa na rangi moja na nywele za namna moja, na bibi zao pengine walitoka kijiji kimoja cha bara. Mmoja akaitwa Mwarabu kwa kuwa babu yake alimiliki. Mwengine akaitwa khadimu kwa kuwa babu yake alimilikiwa. Ubaguzi usioangalia ngozi haukuwa mdogo kwa sababu hiyo. Ni mgumu zaidi kuonekana, na mwenye kuufanya huweza kuapa kwa nia safi kwamba hana.

Yaliyothibiti katika dini

Katika Suratul Hujurat, aya ya 13, watu wamefahamishwa kwamba asili yao ni mwanamume mmoja na mwanamke mmoja, kwamba mataifa na makabila yamewekwa ili wajuane, na kwamba utukufu mbele ya Mwenyezi Mungu hupimwa kwa ucha Mungu. Aya hii inajulikana sana, na husomwa hata katika khutba za ndoa ambazo orodha ya waalikwa wake imechujwa kwa nasaba. Kwa hivyo ni bora kutazama aliyoyatenda Bwana Mtume (S.A.W.) katika ndoa zenyewe, kwani hapo hapana nafasi ya kusema kuwa maneno ni ya jumla.

Zaid bin Haritha alikuwa mtumwa aliyeachwa huru. Mtume alimwozesha Zainab binti Jahsh, mtoto wa shangazi yake mwenyewe. Ndoa hiyo haikudumu, na wako wanaoishika kuwa ni hoja: wanasema, tazama, hawakuelewana kwa kuwa hawakuwa kufu. Hoja hii inasahau mambo mawili. Kwanza, kisa hicho kimetajwa katika Suratul Ahzab, aya ya 37, na hukumu iliyofungamanishwa nacho humo ni ya kuoa mke aliyeachwa na mtoto wa kupanga. Hapana humo neno la kuikosoa ndoa kwa sababu ya nasaba. Pili, Mtume hakuacha mwendo huo baada ya talaka ile. Usama, mtoto wa Zaid, ambaye mama yake alikuwa Ummu Ayman wa Uhabeshi, alikuja kuozeshwa Fatima binti Qais, mwanamke wa Kikureshi. Fatima alikuwa ameposwa na Makureshi wawili, akaenda kumtaka Mtume ushauri, na Mtume akamwelekeza kwa Usama. Imepokewa kwamba mwanzo hakupendezewa. Kisha akakubali, na mwenyewe akasimulia baadaye kheri aliyoipata katika ndoa hiyo, hata wanawake wenzake wakamwonea wivu.

Salim, aliyekuwa mtumwa kisha akawa mawla wa Abu Hudhaifa, aliozeshwa na Abu Hudhaifa binti wa ndugu yake, Hind binti al-Walid bin Utba, katika moja ya nyumba kubwa za Makka. Al-Miqdad bin al-Aswad alimwoa Dhubaa binti az-Zubair, wa ukoo wa Bani Hashim. Na Abu Hind, aliyekuwa mpiga chuku na mawla wa Bani Bayadha, Mtume aliwaamrisha Bani Bayadha wamwozeshe na waoe kwake.

Kisa cha Abu Hind kina uzito wa pekee, kwa sababu imeenea riwaya isemayo kuwa Waarabu ni kufu wao kwa wao isipokuwa mfumaji nguo na mpiga chuku. Wanavyuoni wa hadithi wameichunguza isnadi yake wakaikataa, na baadhi yao wakahukumu kuwa ni ya kuzuliwa. Kilichothibiti ni kinyume chake, na kimethibiti kwa mpiga chuku khasa.

Namna kufu ilivyoingia katika vitabu

Neno kufu maana yake ni mlingano. Wanavyuoni walio wengi wameukubali mlingano katika dini. Mwanamke mcha Mungu haozeshwi fasiki. Khitilafu yao ni katika yaliyozidi hapo. Imepokewa kwa Imamu Malik kwamba kufu ni dini tu. Wanavyuoni wa Kihanafi waliongeza nasaba, uhuru na kazi. Na katika vitabu kadhaa vya fiqhi, vya Kiibadhi vikiwemo, imetajwa orodha ya watu wasiohesabiwa kuwa kufu ya Waarabu: mawla, mfumaji, mpiga chuku, na muuza vyakula dukani.

Mwenye kuisoma orodha hii leo hushangaa, khasa akiwa baba yake alikuwa na duka la vyakula Unguja, Dar es Salaam au Mombasa. Waandishi wake hawakuwa watu wabaya. Waliishi katika miji ambayo binti aliyeozwa kwa mfumaji alitengwa na shoga zake, nao wakataka kumkinga na dhara hiyo. Kwa hivyo wakaitazama ada ya watu wao na kuipa nafasi katika hukumu. Ada hubadilika. Hapana leo baba anayemkataa mwenye duka kwa sababu ya duka; ikiwa maduka ni matatu, posa hupokewa kwa furaha. Mfumaji amesahauliwa, na mpiga chuku ameanza kuheshimiwa na kulipwa vizuri. Katika wanne wale amebaki mmoja tu, naye ni mawla. Hilo peke yake linatosha kumfanya mtu ajiulize kama kinacholindwa ni fiqhi.

Tena, hata wale waliotia nasaba katika kufu, walio wengi hawakuifanya kuwa sharti la kusihi kwa ndoa. Waliihesabu kuwa ni haki ya mwanamke na walii wake, na mwenye haki anaweza kuiacha. Binti akiridhia na walii akiridhia, ndoa imesihi na hapana makosa. Mwenye kusema "dini imekataza" amesema lisilokuwemo.

Mawla wa Basra

Madhehebu ya Kiibadhi yana jambo lake katika mlango huu. Tangu mwanzo wanavyuoni wake walishikilia kwamba uimamu si wa Makureshi peke yao wala wa Waarabu peke yao, bali ni wa Mwislamu anayeuweza kwa elimu na uadilifu. Na msimamo huo haukubaki katika maandishi. Baada ya Imamu Jabir bin Zaid, aliyeshika uongozi wa elimu huko Basra alikuwa Abu Ubaida Muslim bin Abi Karima. Alikuwa mawla wa Bani Tamim. Alikuwa akisuka makapu kwa riziki yake, na kwa hayo akapewa lakabu ya al-Qaffaf. Kwake alisoma ar-Rabii bin Habib wa Oman, mwenye Musnad, na kila anayeufungua Musnad huo hukutana na jina la Abu Ubaida ukurasa baada ya ukurasa. Kwake walisoma wale waliochukua elimu mpaka Hadhramaut, Khurasan na Maghrib.

Mtu huyu, lau angepeleka posa katika nyumba zinazotumia orodha ile, angerudishwa kwa sababu mbili kwa pamoja: ni mawla, na ni msusi. Elimu yake wameipokea. Binti wasingempa.

Miongoni mwa wanafunzi wake waliokwenda Maghrib alikuwako Msidrati wa Kiberberi, Mghadamisi, na Abdulrahman bin Rustam aliyekuwa na asili ya Uajemi. Huyu wa mwisho alichaguliwa kuwa Imamu wa Tahert, katika Algeria ya leo, mnamo mwaka 160 Hijria, yaani karibu na mwaka 777. Inasimuliwa kwamba moja katika sababu za kuchaguliwa ni kuwa hakuwa na kabila hapo: akipotoka, hapana wa kumlinda, na ni wepesi kumwondosha. Kukosa nasaba kulihesabiwa kuwa ni sifa. Si vyema kuficha, hata hivyo, kwamba baada yake uimamu ulishikwa na mwanawe Abdulwahhab, ukabaki katika nyumba hiyo hadi Mafatimi walipouangusha mwaka 909. Nasaba, ikifukuzwa mlangoni, hujua njia ya dirishani.

Hoja za wazazi

Hoja inayosikika zaidi haina dharau ndani yake. Mzazi husema: hana neno na kijana, lakini watu watasema, watoto watakaozaliwa watachekwa, dada zake waliobaki hawataposwa. Khofu hii ni ya kweli na haifai kubezwa, kwani dada kweli hukosa posa. Lakini yafaa kuuliza ni nani hao watu. Ukifuatiliwa msemo huo nyumba kwa nyumba, hupatikana kuwa kila mmoja hana neno, na kila mmoja anamkhofu jirani yake, ambaye naye hana neno.

Wengine husema kuwa wanailinda nasaba isipotee. Nasaba haipotei kwa mwanamke kuolewa, kwa kuwa watoto wake watafuata nasaba ya baba yao kwa vyovyote vile, awe ni wa kabila gani. Wanaume wa koo hizo hizo waliwazalisha masuria kwa vizazi na vizazi, na hapana aliyesema kuwa nasaba imeharibika. Hoja hii imekuwa ikisimama kwa mguu mmoja tu, mguu wa binti.

Na familia zilizotoka Afrika ya Mashariki zina sababu yao ya kulitazama jambo hili kwa makini zaidi kuliko wengine. Katika Mapinduzi ya Unguja ya Januari 1964 watu waliuawa, na wengine wakafukuzwa na kunyang'anywa mali, kwa kuitwa Waarabu. Wamo waliokuwa na mashamba ya mikarafuu, na wamo waliokuwa hawana kitu ila kijiduka cha chumvi na mafuta ya taa. Hawakuulizwa matendo yao. Waliulizwa asili yao. Baada ya mwaka 1970 wengi walirejea Oman kwa wito wa Sultan Qaboos, na huko baadhi yao wakaitwa Wazanzibari au Waswahili kwa sauti isiyokuwa ya heshima, kwa sababu ya Kiarabu chao na kwa sababu ya mama zao. Watoto walirudi skuli wakilia. Wamepimwa kwa asili pande mbili za bahari, mara kwa kuwa ni Waarabu na mara kwa kuwa si Waarabu wa kutosha. Katika nyumba hizo hizo, kwa lugha hiyo hiyo ya Kiswahili, husemwa juu ya kijana aliyeposa: "Yule? Babu yake alikuwa wa nyumba ya fulani."

Walii akikataa

Walii amepewa amana, na amana ina mipaka. Katika Suratul Baqara, aya ya 232, mawalii wamekatazwa kuwazuia wanawake wasiolewe pale wanaporidhiana kwa wema. Imepokewa kuwa aya hiyo ilimshukia Maaqil bin Yasar, aliyekataa dada yake asirejee kwa mume aliyemwacha. Aliposomewa aliacha hasira zake na akamwozesha. Wanavyuoni wamelichukua katazo hilo kwa upana wake: walii anayemkataa mwenye dini na tabia bila ya sababu ya kisheria ni mwenye kuzuia kwa dhulma, na uwalii unaweza kumtoka ukaenda kwa walii mwengine au kwa kadhi.

Kadhi humwita walii na kumtaka aeleze sababu. Akidai kuwa kijana ana aibu katika dini yake, hutakiwa ushahidi. Akisema ni asili tu, khitilafu ya vitabu hurejea mezani, na hukumu hufuata kadhi alivyoielewa kufu na nchi ilivyoandika sheria yake. Mambo haya hutokea, na huwafika hata waliokwisha kuoana. Mwaka 2005 mahkama moja ya kaskazini mwa Saudi Arabia ilivunja ndoa ya mume na mke waliokuwa na watoto wawili, kwa mashtaka ya ndugu wa mke kwamba kabila la mume ni la chini ya lao. Mke alikataa kurejea kwa ndugu zake. Akakaa kizuizini pamoja na mtoto wake mdogo, kisha katika nyumba ya hifadhi, mpaka Mahkama Kuu ya nchi hiyo ilipoibatilisha hukumu mwaka 2010 na kuwarejesha. Baba yake, aliyekuwa walii wake, alikuwa ameiridhia ndoa hiyo tangu mwanzo.